Kamusi ya Kozi za Masafa: Jopo la Wachache au Mlango Wazi?

Mwanafunzi wa masafa husoma peke yake. Wa darasani akikwama kwenye neno humgeukia jirani, au huinua mkono, au huusoma uso wa mwalimu akatambua kama neno lile ni la kushikwa au la kupita tu. Lakini askari wa usiku kule Industrial Area anayesomea shahada ya elimu kwenye simu, moduli yake ikiwa faili aliyoipakua kwa bando la shilingi 20, hana jirani. Neno likimkwama saa nane ya usiku limekwama hadi asubuhi, na asubuhi anarudi Kayole kulala. Kwa mtu huyu kamusi ya kozi, yaani orodha ya istilahi za moduli zake pamoja na maana zake, ndiye mwalimu wa zamu ya usiku.

Nimeshiriki kutunga kamusi za namna hiyo mara mbili hapa Nairobi, katika taasisi mbili, na mara zote mbili kilichotutoa jasho hakikuwa maneno. Ni watu: nani aandike, nani apewe kauli ya mwisho, nani alipwe, nani asikilizwe. Tangu hapo waratibu wa programu na wakuu wa idara huniuliza swali lile lile. Je, tuteue wachache wanaojua tuwaachie kazi hadi kamusi itoke, au tufungue mlango ili kila mhadhiri, kila mkufunzi wa kituo na kila mwanafunzi alete neno lake?

Swali lenyewe halisubiri tena. Tanzania ina Chuo Kikuu Huria tangu 1992. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2023, makao yakiwa Konza, na vyuo vikuu kadhaa vya jijini vina vitengo vyao vya masafa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo moduli nyingi zinazomfikia yule askari zimeandikwa kwa Kiingereza pekee. Nitaziweka njia mbili bega kwa bega, na ninakoegemea nitasema wazi.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni jopo. Mkuu wa idara huteua watu 3 hadi 6: mwanaisimu mmoja au wawili, wahadhiri wa somo linalohusika, na mmoja wao akawa mhariri mkuu. Hugawana istilahi zilizochujwa kwenye moduli, hukutana kila baada ya wiki mbili, huandika fasili, yaani maelezo ya maana ya kila neno, mhariri akapitisha. Wengine wote huiona kamusi siku inapotoka.

Ya pili ni mlango wazi. Idara huweka fomu fupi mtandaoni, na yeyote aliye ndani ya programu hujaza neno lililomsumbua, sentensi ya moduli alimolikuta, neno analopendekeza na sentensi yake ya mfano. Wahariri hupanga yaliyoletwa, huyapigisha kura, huandika fasili, huirudisha rasimu kwa watu, kisha hufunga.

Waliotutangulia

Mlango wazi haukuletwa na intaneti. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, ambayo James Murray alianza kuihariri mwaka 1879, ilijengwa kwa vikaratasi vilivyotumwa kwa posta na wasomaji wa kujitolea. Ilikamilika mwaka 1928. Murray alikuwa kaburini tangu 1915.

Wala jopo si dhamana ya haraka. Académie française, baraza la lugha la Ufaransa, iliundwa mwaka 1635, na kamusi yake ya kwanza ikachapishwa 1694. Samuel Johnson wa London, mtu mmoja mwenye makarani wachache wa kumsaidia, aliingia mkataba mwaka 1746 na kufikia 1755 kamusi yake ilikuwa mikononi mwa wasomaji. Ukizitazama tarehe hizi utaona kwamba kinachomaliza kamusi ni kuwepo kwa mtu mwenye mamlaka ya kusema basi, imetosha. Watu wa pwani wana msemo wao: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kiswahili sanifu chenyewe ni mtoto wa jopo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar mjini, kiwe msingi, mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na kufikia 1939 kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson, juu ya msingi uliowekwa na mtunzi wa kamusi A. C. Madan kabla yake, ilikuwa imechapishwa. Miaka 9 kwa kazi ya ukubwa ule ni mwendo wa kuheshimiwa. Ila katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wa kamati walikuwa Wazungu, na wenye lugha waliletewa tu lugha yao ikiwa imeshapigwa pasi. Keti leo kwenye baraza lolote la Mji wa Kale, Mombasa, uitaje lahaja ya Kimvita, uone kama jambo hilo limesahaulika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Zimbabwe. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Zimbabwe kilianzisha mradi ulioitwa ALLEX. Wanafunzi walitumwa wakarekodi watu wakizungumza, mazungumzo yakaandikwa na kuingizwa kwenye kompyuta, na mwaka 1996 ikatoka kamusi ya Kishona iliyofafanuliwa kwa Kishona, mhariri mkuu akiwa Herbert Chimhundu. Kukusanya kulikuwa kwa wengi. Kufunga kulikuwa kwa wachache, na jina la mwenye kuwajibika lilijulikana.

Muda

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya jopo. Tulikuwa watu 5 na tukamaliza kwa miezi 7. Ya pili ilikuwa ya mlango wazi, nayo ikatuchukua mwaka mmoja na miezi 5, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hatukuwa na kitu cha kumwonyesha mkuu wa kitivo.

Ucheleweshaji huo haukutokana na uvivu wa watu, maana fomu zilimiminika kuliko tulivyotarajia. Tatizo ni kwamba kila neno lilikuja na ndugu zake. Kwa kile kifaa kilicho mezani mwa kila ofisi tuliletewa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kila moja likawa na watetezi wenye hoja. Mwalimu wa shule ya upili hapa Kenya amefundisha tarakilishi miaka mingi na hataki kuliacha. Aliyesoma vitabu vya Tanzania anakumbuka ngamizi. Na mtu yeyote aliyeko dukani, Luthuli Avenue, atakuuzia kompyuta. Tulibishana pia kati ya mtaala na mtalaa, kati ya marejeo na marejeleo, kati ya muhula na semesta. Hakuna aliyekuwa amepewa rungu la kufunga mjadala, kwa hiyo mijadala ililala wazi, na kila mgeni aliyejiunga aliifufua upya.

Mambo yalinyooka siku mkuu wa idara alipomteua mwenzetu mmoja, mama mtulivu aliyewahi kuwa mhariri wa vitabu vya shule, akamwandikia barua: maneno yaliyopigiwa kura mara mbili bila kupatana utayaamua wewe, na hakuna atakayeyarudisha mezani kabla ya toleo la pili. Baada ya barua hiyo tulifunga kwa miezi 4. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukuanza na barua.

Basi kwa muda, jopo linashinda. Lakini ushindi huo una bei, na bei yenyewe nilikuja kuiona baada ya kamusi ya kwanza kutoka.

Kamusi ikifika kwa msahihishaji

Kamusi ya jopo letu ilikuwa nzuri. Fasili zilikuwa fupi na zilizonyooka, hakukuwa na makosa ya tahajia, na tuliipitia kama watu wanaoipenda kazi yao. Kwa ile karatasi ya maswali ambayo mtafiti huwapa watu waijaze, tulichagua neno dodoso, kwa kuwa vitabu vya mbinu za utafiti tulivyovitegemea vilitoka Dar es Salaam.

Muhula uliofuata, mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi anayesoma jioni watoto wake wakishalala, aliandika dodoso katika kazi yake yote ya utafiti. Msahihishaji wake alikuwa mhadhiri wa muda katika kituo kilicho mbali na Nairobi. Yeye, kama Wakenya wengi waliosomea Kiswahili, amelelewa na hojaji. Akapiga mstari mwekundu chini ya kila dodoso na kukata alama 6. Mwanafunzi akanitumia ujumbe: "Habari ya jioni, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Neno hili nimelitoa kwenye kamusi mliyotupa. Sasa niandike lipi?"

Nilikaa na ujumbe ule usiku kucha. Alikuwa amefanya kila tulichomwambia afanye. Na msahihishaji hakuwa na kosa la kumlaumu: hakuna aliyemtumia kamusi, na kabla ya hapo hakuna aliyemwuliza yeye huita kitu hicho nini. Tulikuwa watu 5 kwenye chumba kimoja cha Nairobi tukiamua lugha ya wasahihishaji waliotawanyika kutoka Kisii hadi Garissa.

Darasani hitilafu kama hiyo hutatuliwa kwa dakika mbili. Mwanafunzi hubisha, mwalimu hucheka, neno huingia. Katika elimu ya masafa mwandishi wa moduli, mkufunzi wa kituo, msahihishaji na mwanafunzi wanaweza kumaliza miaka 4 bila kuonana. Kinachowaunganisha ni maneno, na kamusi ambayo mmoja wao haitambui humuumiza aliye mnyonge kuliko wote, ambaye ni mwanafunzi. Kwa kipimo hiki mlango wazi uko mbali mno mbele. Katika kazi ya pili dodoso na hojaji yote mawili yaliletwa, tena na watu wa pande zote. Hojaji likapata kura nyingi likawa kidahizo kikuu, yaani neno linalobeba fasili, dodoso likawekwa mahali pake kialfabeti na kuelekezwa kwa mwenzake, na kila msahihishaji alipewa rasimu aisome na kuitilia sahihi kabla haijachapishwa.

Kwa nani neno linakubalika ndicho kipimo cha kwanza ninachokitumia siku hizi, kabla ya muda na kabla ya pesa.

Cheo mezani

Aliyewahi kuketi kwenye jopo la chuo anajua jinsi profesa akishasema neno meza hutulia. Malezi yetu yanatufunza kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na ni malezi mema, lakini kwenye kazi ya istilahi yanatugharimu.

Katika jopo letu la kwanza tulifika kwenye neno tathmini. Walimu wengi hulitumia kwa mambo mawili: kumpima mwanafunzi ili kujua amefika wapi, na kuikadiria programu nzima ili kujua kama inafaa kuendelea. Kwa mwanafunzi wa elimu hizo ni mada mbili tofauti, zenye mitihani tofauti. Mkubwa wetu alisema tathmini inatosha kwa zote mbili, tukaandika, tukaendelea. Jioni nikiwa kwenye matatu ya Githurai pamoja na mhadhiri msaidizi, kijana aliyekuwa mdogo kuliko sote kwenye jopo, akaniambia alikuwa na pendekezo: upimaji kwa la kwanza, tathmini kwa la pili. Nikamwuliza mbona hakusema. "Prof alikuwa ameshasema. Mimi ningeanzia wapi?"

Pendekezo lake lilikuwa bora kuliko letu. Tulililipia nauli tu kulisikia.

Kiongozi wa jopo anaweza kulitibu hilo kwa mambo madogo. Aanze kwa kumwomba mdogo wa wote aseme kwanza. Kila mjumbe aandike pendekezo lake kabla ya kikao, na katibu ayasome yote bila majina. Yeye mwenyewe anyamaze hadi mwisho. Nimeona mambo haya yakifanya kazi hata kwenye idara yenye wazee wakali.

Mlango wazi, kwa kuwa hupokea maneno kwa maandishi, hupunguza uzito wa cheo tangu mwanzo. Fomu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na fomu ya mkuu wa kitivo hufanana. Ila una maradhi yake. Vikao vyake hufanyika kwenye Zoom, kamera zimezimwa, mwenyekiti anauliza, "Tumekubaliana?" Kimya. "Basi tumekubaliana." Wakati huo mwenzetu wa Lodwar mtandao umemkata tangu robo saa iliyopita, na yule wa Rongai stima imepotea. Niliwahi kuhesabu kimya cha aina hiyo kuwa ridhaa, kisha wiki tatu baadaye nikapokea barua pepe ndefu zenye uchungu, na zilikuwa na haki. Uamuzi wa istilahi usipitishwe kwenye kikao cha mtandaoni pekee. Uachwe wazi kwa maandishi siku 7, kila mmoja ajibu akiwa na mtandao.

Maradhi mengine ya mlango wazi ni kunyauka. Mwezi wa kwanza watu huleta maneno kwa furaha. Mwezi wa tatu wanaacha, na karibu kila mara sababu ni moja: walileta, hawakusikia lolote. Mtu aliyetumia jioni yake kufikiria neno anastahili kujua kama limepokelewa, limekataliwa au linasubiri, na kwa nini. Tulipoanza kumjibu kila mchangiaji ndani ya wiki mbili, hata kwa sentensi moja, fomu zilirudi. Wahadhiri wa muda nao wana swali lao la haki. Wao hulipwa kwa kozi wanazofundisha, na saa ya kujadili istilahi haimo kwenye mkataba. Idara isiyoweza kuzihesabu saa hizo kuwa kazi isifungue mlango, maana itakuwa inawaomba wasio na mshahara wa kudumu wawafanyie kazi walio nao.

Lugha ya tatu

Idara ikitaka safu mbili tu, Kiingereza na Kiswahili, njia zote mbili zinawezekana. Ikitaka ya tatu, ya Gĩkũyũ, Dholuo, Kikamba au Kisomali, jopo huanza kuyumba. Watu 5 hawana lugha hizo zote, na kinachotokea ni kumwomba mhadhiri mmoja ambaye ametokea kuwa Mjaluo awasemee Wajaluo wote, kati ya kikombe cha chai na cha pili.

Afrika Kusini kuna la kujifunza. UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, imekuwa chuo kikuu cha masafa tangu 1946, katika nchi ambayo katiba yake ilitambua lugha rasmi 11, kabla ya lugha ya ishara kuongezwa mwaka 2023. Kwa upande wa kamusi za taifa, kila moja ya lugha zile 11 iliwekewa kitengo chake, chenye mhariri mkuu wake. Mwenye Kivenda anaamuliwa maneno na mwenye Kivenda. Kwa idara ya Nairobi maana yake ni kwamba mlango unaweza kuwa wazi kwa wote, lakini kila lugha iwe na bawabu wake aliyezaliwa nayo, tena mwenye kuiandika.

Nasisitiza kuiandika. Gĩkũyũ kina irabu 7, na ĩ na ũ ni irabu kamili zenye haki yake. Kwenye simu wanafunzi huziandika i na u tupu, na lahajedwali (spreadsheet) likipanga maneno kialfabeti huzitupa panapolipendeza lenyewe. Mhariri asiyejua lugha hiyo hawezi kuliona kosa. Tulichapisha ukurasa mzima wa rasimu namna hiyo kabla ya mwanafunzi wa Nyeri kutuonya kwa upole.

Mlango wazi kwa lugha za nyumbani hukirutubisha na Kiswahili chenyewe. Ngeli, neno ambalo kila mwanafunzi wa sarufi hulitamka, limetoka Kihaya. Kitivo limetoka kwa lugha za Upare na Usambaa. Mwanafunzi wa Machakos akileta neno la kwao kwa dhana isiyo na jina, lisikilizwe kabla halijakataliwa.

(Kifungu kile kile cha 7 kinataja pia lugha ya ishara ya Kenya na Breli. Kamusi iliyochapwa kisha ikapigwa picha kurasa zake haisomeki kwa programu za wasioona. Njia yoyote mtakayoshika, toeni maandishi halisi.)

Fasili na mpangilio

Hapa jopo linashinda, na sioni haja ya kulitetea sana. Fasili inataka mkono mmoja. Tuliwahi kuruhusu wachangiaji waandike fasili wenyewe, tukapata "ufundishaji: kitendo cha kufundisha", ambayo humrudisha msomaji alikotoka. Tukapata nyingine zenye maneno magumu kuliko neno linalofafanuliwa. Mhariri mwenye sikio huandika: "hojaji: karatasi au fomu yenye maswali ambayo mtafiti huwapa watu wayajibu kwa maandishi", kisha huongeza sentensi ya mfano kutoka kwenye moduli yenyewe, ili mwanafunzi alione neno likiwa kazini.

Mpangilio nao uamuliwe mara moja na mtu mmoja. Kamusi ya 1939 iliyaweka maneno yaliyonyambuliwa chini ya mzizi, hivyo mpishi ulimtafuta chini ya pika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981 na TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyapa majina kama mpishi mahali pake yenyewe. Mwanaisimu hufurahia mtindo wa kwanza kwa sababu unaonyesha ukoo wa maneno. Anayetafuta kwenye simu usiku wa manane anahitaji wa pili, kwa sababu hajui bado neno lile limezaliwa na nani. Kwa wanafunzi wa masafa sioni mjadala.

Kanuni yangu: maneno yapigiwe kura, fasili kamwe.

Pesa

Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyohofia. Jopo hula marupurupu ya vikao, nauli na chai. Mlango wazi hula saa za mhariri na bando za wachangiaji. Vyovyote iwavyo, msikimbilie wachapaji wa River Road na toleo la kwanza. Toeni faili nyepesi, isomwe muhula mzima, marekebisho yaingie, ndipo mchapishe.

Nani achague ipi

Kama idara yenu ina wahadhiri wachache, wote wako Nairobi, wanaosahihisha ndio wanaofundisha, na kozi inaanza Januari, chagueni jopo bila kujilaumu. Tengeni tu mwezi mmoja kabla ya kutoa kamusi, rasimu imfikie kila atakayeshika kalamu nyekundu, na mpate sahihi yake.

Kama mna vituo nje ya jiji, wasahihishaji wa muda, au mnataka lugha ya tatu, chagueni mlango wazi, hata kama mkuu wa kitivo ataona mnachelewa. Huko ndiko ninakoegemea, kwa sababu programu nyingi za masafa ninazozijua ziko hivyo. Barua ya kumpa mtu mmoja mamlaka ya kufunga iandikwe siku ya kwanza, pamoja na tarehe ya kufunga.

Hali moja ingenifanya nikwambie urudi kwenye jopo hata kama una vituo 10. Ikiwa wewe mkuu wa idara unajua moyoni kwamba kura ikienda kinyume na neno ulipendalo utaipindua, usifungue mlango. Jopo lenye mkubwa anayejulikana ni mkubwa huwa na uaminifu wake. Watu walioombwa maneno kisha wakaona yakifutwa kimya kimya hawatakuletea mengine, na mara nyingi hao ndio wale wale unaowategemea kusahihisha mitihani.

Na kama moduli zenyewe hazijaandikwa, subirini kidogo. Mtakeni kila mwandishi wa moduli aambatishe istilahi 20 anazojua zitawasumbua wasomaji, pamoja na sentensi alimozitumia. Mwishoni mwa mwaka mtakuwa na orodha ambayo hata jopo bora halingeweza kuiotea.

Yule mwalimu wa shule ya msingi alirudishiwa alama zake 6 baada ya kuandikiana barua na kituo kwa wiki kadhaa. Tulipofungua mlango katika kazi ya pili alikuwa amehamia programu ya taasisi ile ya pili kwa shahada ya uzamili, na fomu yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufika. Alileta maneno 11. Dodoso lilikuwa la kwanza, na mbele yake ameandika: "Liwekwe pamoja na hojaji, tafadhali, ili mwingine asikatwe."